Kujifunza historia ya Roma ya kale: anza na barua, orodha ya makaisari itafuata

Wanafunzi wanaoanza kusoma historia ya Roma ya kale huniuliza waanze na kitabu kipi, na wengi wao hutarajia niwatajie kitabu kinene kinachowapanga makaisari mmoja baada ya mwingine kuanzia Augusto. Jibu langu halijabadilika tangu nilipolisoma somo hili chuoni na baadaye nilipoanza kuwasaidia wengine kulisoma: anza na maandishi mafupi ya Warumi wenyewe, hasa barua, kisha uende kwenye kitabu cha historia ukiwa tayari na maswali yako mkononi. Ushauri huu unakwenda kinyume na mihtasari mingi ya masomo, ambayo humpitisha mwanafunzi kwenye vita na tarehe kwa muhula mzima kabla hajakutana na Mrumi hata mmoja anayezungumza kwa sauti yake. Wanaolichukia somo hili, kwa jinsi nilivyoona, huwa wamechoshwa na majina wasiyoyajua wenyewe ni akina nani.

Barua ninazozitanguliza ni zile walizoandikiana Pliny Mdogo na Kaisari Trajan, takriban kati ya mwaka 110 na 113 BK, Pliny alipokuwa gavana wa Bithynia na Ponto, jimbo lililokuwa kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Katika mojawapo, Pliny anaeleza kwamba alipokuwa ziarani sehemu nyingine ya jimbo, moto mkubwa ulizuka mjini Nicomedia, ukateketeza nyumba nyingi za watu binafsi pamoja na majengo mawili ya umma yaliyokuwa yametenganishwa na barabara. Anasema upepo uliusambaza moto, lakini pia watu walisimama wakitazama tu bila kufanya lolote, na katika mji wote hapakuwa na pampu wala ndoo ya umma. Kwa hiyo anaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha mafundi wasiozidi 150 watakaofanya kazi ya zimamoto, na anaahidi kwamba atawasimamia yeye mwenyewe, kwani watu wachache kiasi hicho si vigumu kuwachunga. Trajan anakataa. Anamkumbusha kwamba miji ya jimbo hilo imesumbuliwa na makundi ya namna hiyo, na kwamba watu wakikusanyika, hata wapewe jina gani na kwa sababu gani, baada ya muda mfupi watageuka kuwa chama cha siasa. Vinunuliwe vifaa, anasema, na wenye nyumba wahimizwe kuvitumia.

Mwanafunzi akizisoma barua hizo mbili, ambazo kwa pamoja hazijazi hata ukurasa mmoja, anakuwa ameshajifunza jambo ambalo sura nzima ya kitabu hulieleza kwa maneno makavu: watawala wa Roma waliogopa mikusanyiko ya raia wa majimboni kuliko walivyoogopa moto. Wala hawakuwa wageni wa kazi ya zimamoto, kwa maana Augusto alikwisha kuunda vikosi vya kuzima moto katika jiji la Roma lenyewe mwaka 6 BK. Kilichoruhusiwa Roma, chini ya macho ya Kaisari, hakikuruhusiwa Nicomedia. Barua nyingine inahusu mfereji wa kuleta maji katika mji huohuo, ambao ulikuwa umekwisha kula sesta (sarafu ya Kirumi) 3,318,000 ukaachwa bila kukamilika na kubomolewa, kisha ukaanzishwa mwingine uliokula sesta 200,000, nao ukaachwa. Trajan anajibu kwamba maji lazima yafike mjini, lakini ichunguzwe ni nani aliyesababisha hasara hiyo, isije ikawa watu walianzisha na kutelekeza miradi ili kunufaishana. Sijamwona msomaji wa Afrika Mashariki aliyehitaji maelezo ya ziada kuhusu barua hiyo.

Baada ya hapo ndipo ninapowapeleka kwenye barua maarufu zaidi katika mkusanyiko huo, ile ambayo Pliny anauliza awafanye nini Wakristo. Walimu wengi huisomesha peke yake, nami naona wanaipunguzia maana. Anayetoka kwenye barua ya zimamoto ataona mara moja kwa nini Pliny anataja kwamba Wakristo walikuwa wameacha kukutana kula chakula cha pamoja baada ya yeye kupiga marufuku vyama kwa amri ya Kaisari. Suala la imani na suala la ndoo za maji yalikuwa yamewekwa katika jalada moja la usalama.

Tarehe zinahitajika, ila si nyingi. Ukijua kwamba kwa mujibu wa mapokeo wafalme walifukuzwa mwaka 509 KK, kwamba vita na Carthage vilianza mwaka 264 KK na kwisha kwa mji huo kuangamizwa mwaka 146 KK, kwamba Julius Caesar aliuawa mwaka 44 KK na Augusto akapewa jina hilo mwaka 27 KK, kwamba karibu watu huru wote wa dola walipewa uraia mwaka 212 BK, na kwamba kaisari wa mwisho wa upande wa magharibi aliondolewa mwaka 476, unao uti wa mgongo wa kutosha kuanzia. Tarehe nyingine zitajishikiza zenyewe kadiri unavyosoma.

Jambo linalotaka muda zaidi ni kujua anayekusimulia ni nani na aliishi lini. Mwanahistoria Livy, ambaye kwake tunapata hadithi za Romulus na wafalme wa mwanzo, aliishi zama za Augusto, yaani zaidi ya miaka 700 baada ya mwaka ambao Warumi waliuhesabu kuwa wa kuanzishwa kwa mji wao, na mwenyewe anakiri mwanzoni mwa kazi yake kwamba habari za kale namna hiyo zinafaa zaidi kwa washairi, naye hakusudii kuzithibitisha wala kuzikanusha. Aliandika vitabu 142, na vilivyotufikia ni 35 tu. Hadithi ya Kaisari Kaligula kutaka kumfanya farasi wake kuwa konsuli, yaani mwenye cheo cha juu serikalini, inatoka kwa Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, aliyeandika takriban miaka 80 baadaye, na hata yeye anaiweka chini ya neno la tahadhari, kwamba inasemekana. Sehemu ya kazi ya mwanahistoria Tacitus iliyohusu utawala wa Kaligula imepotea yote. Mwanafunzi anayeandika katika mtihani kwamba Kaligula alimfanya farasi konsuli amekwenda mbali kuliko alivyothubutu kwenda Suetonius mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuona haya kusambaza uvumi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili tahadhari hiyo ina sura ya pekee, kwa kuwa wengi wetu tulimjua Julius Caesar kupitia tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1963. Ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini ukumbuke kwamba Shakespeare alimtegemea Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, naye Plutarch alizaliwa karibu miaka 90 baada ya mauaji yale. Lile neno mashuhuri la Kilatini, Et tu, Brute (nawe pia, Brutus), ambalo Caesar anamwambia jukwaani Brutus, mmoja wa wauaji wake, halimo katika mwandishi yeyote wa kale. Suetonius anasimulia majeraha 23 na mtu aliyekufa bila kutamka neno, kisha anaongeza kwamba wako waliodai alimwambia Brutus maneno mawili matatu kwa Kigiriki.

Msomaji wa Kiswahili ana mteremko mahali ambapo wenzake wa Ulaya wanapanda mlima. Warumi waliugawa mchana katika saa 12 kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua, hivyo saa sita yao ilikuwa adhuhuri na saa tisa ilikuwa alasiri, ingawa urefu wa saa moja ulibadilika kulingana na majira ya mwaka. Mshairi Martial ana shairi fupi linaloipanga siku ya jiji kwa saa hizo: ya kwanza na ya pili ni za wafuasi kwenda kuwaamkia mabwana wao wakubwa, ya tatu ni ya mawakili kupayuka mahakamani hadi sauti ziwakauke, ya sita ni ya kupumzika, ya nane ni ya viwanja vya mazoezi, na ya tisa ni ya kuegemea kwenye makochi kwa chakula. Mwanafunzi wa Kiingereza hulazimika kufanya hesabu kila mstari, na vitabu vingine huweka jedwali zima kwa ajili yake. Wewe soma tu.

Kuhusu Kilatini, maoni yangu ni kwamba hakihitajiki ili kuanza, lakini anayekusudia kuendelea hadi shahada ya uzamili asikichelewe. Wengi hukiogopa kwa sababu ya miisho ya maneno, wakati mtu aliyelelewa na Kiswahili ameshazoea sentensi ambamo kivumishi hufuata ngeli ya nomino yake na kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati na kitendo. Tofauti ni kwamba Kilatini huyaweka mengi ya hayo mwishoni mwa neno, na kwamba nomino yenyewe hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Hiyo ya mwisho ndiyo mpya kweli, na ndiyo ya kuipa nguvu zako. Soma kwa sauti, kidogo kila siku, na uanze mapema na maandishi halisi yaliyo mafupi, kama vile ya makaburini, ambayo hurudia maneno yaleyale kiasi kwamba baada ya muda si mrefu unayatambua hata yakiwa yamefupishwa kwa herufi mojamoja.

Kaburi moja ninalopenda kulitumia limehifadhiwa South Shields, kaskazini mwa Uingereza. Liliwekwa katika karne ya pili na Barates, mtu wa Palmyra nchini Syria, kwa ajili ya mkewe Regina, aliyefariki akiwa na miaka 30. Kilatini chake kina makosa ya sarufi, na maneno yenyewe yanatuambia kwamba Regina alikuwa mwanamke wa kabila la Catuvellauni la kusini mwa Britania, na kwamba kabla ya kuwa mke wa Barates alikuwa mtumwa wake, akaachiwa huru. Chini yake kuna mstari wa Kiaramu ulioandikwa vizuri zaidi, unaomwita Regina, aliyeachiwa huru na Barates, na kumlilia. Mchongo unamwonyesha ameketi na kapu la sufu pembeni. Liweke jiwe hilo karibu na kitabu cha kilimo cha Cato, aliyeishi karne ya pili KK, ambamo mwenye shamba anashauriwa auze ng'ombe wazee, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa pamoja na vikorokoro vingine asivyovihitaji. Vyote viwili ni utumwa wa Kirumi, na insha inayotaja kimoja bila kingine itakuwa imepindisha habari, iwe kwa kuutetea utumwa huo au kwa kuufanya wa sura moja.

Usikubali pia kufundishwa kwamba hii ni historia ya Ulaya. Dola ya Kirumi ilizunguka bahari, na ng'ambo yake ya kusini ilikuwa Afrika. Septimius Severus, kaisari kuanzia mwaka 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, akafia York. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako sasa ni Souk Ahras nchini Algeria, na katika Maungamo yake ameacha maelezo mazuri mno ya shule ya Kirumi: anasimulia alivyokichukia Kigiriki, alivyochapwa, na alivyomlilia Dido wa kwenye utenzi wa Virgil. Mwambao wetu wenyewe umo pia, ingawa ulikuwa nje ya mipaka ya dola. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, na mfanyabiashara aliyezijua bandari za Misri ya Kirumi, unaitaja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, penye pembe za ndovu, magamba ya kobe na vyombo vya mbao zilizoshonwa. Wanazuoni hawajakubaliana Rhapta ilikuwa wapi. Tahadhari yangu ni kwamba kurasa hizo ni chache, na haifai kuzijengea madai makubwa kwa sababu tu zinatuhusu.

Unapoandika insha, kila unapomnukuu mwandishi wa kale taja aliandika muda gani baada ya tukio, kwa sababu wasahihishaji wengi hulitazama hilo kabla ya uzuri wa lugha. Tafsiri za zamani zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, lakini Kiingereza chake ni kizito na baadhi ya watafsiri waliyafunika mambo waliyoyaona ya aibu, hivyo linganisha na tafsiri mpya kila unapoipata. Barua za Pliny kwa Trajan ziko katika kitabu chake cha 10: za moto ni namba 33 na 34, za mfereji ni 37 na 38, na za Wakristo ni 96 na 97. Zisome kwa mfuatano huo, na jioni moja itakutosha.