Rufaa ya mgonjwa mahututi: malizia kumtuliza kabla gari halijawashwa

Njia ya Kyela kwenda Mbeya mjini ni ya kupanda. Mgonjwa anatoka kwenye takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari na kupita Isyonje kwenye zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushukia Uyole. Aliyekuwa na oksijeni ya damu ya asilimia 93 wodini anaweza kwenda chini ya 90 njiani bila ugonjwa wake kuzidi. Akikosa hewa huhangaika na kung'oa kanula, yaani mrija aliowekewa, na anayemsindikiza akikimbilia diazepamu, dawa ya kutuliza, anazima pumzi iliyokuwa imebaki.

Kwa hiyo anayehangaika apimwe kwanza: oksijeni, presha, sukari, kibofu kilichojaa, maumivu. Kama ana bomba la kupumulia, angalia limebaki kwenye alama ileile ya sentimita mdomoni na pande zote mbili za kifua zinainuka. Dawa ifuate baadaye.

Kwa barabara zetu tunapendelea ketamini, dawa ya usingizi. Inaondoa maumivu, haiangushi presha kirahisi kama propofoli, dawa nyingine ya usingizi, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua. Lakini ikisukumwa haraka pumzi inaweza kusimama, basi itoe taratibu kwa dakika nzima. Huongeza mate pia. Mashine ya kufyonza iwe imejaribiwa. Soma chupa kabla ya kuvuta, maana zipo za miligramu 10 na za miligramu 50 kwa mililita. Ukiwa na ya 50, vuta mililita 2, ongeza mililita 8 za normal saline (maji ya chumvi), upate miligramu 10 kwa kila mililita. Andika lebo papo hapo.

Mtu mzima wa kilo 60 mwenye bomba la kupumulia hupewa ketamini miligramu 30, yaani mililita 3, na hurudiwa anapoanza kuzinduka, mara nyingi baada ya dakika 10 hadi 15. Mwenye presha ya chini apewe nusu. Midazolamu (dawa ya kutuliza) miligramu 1 au 2 inaweza kuongezwa presha ikiruhusu. Dozi aandike daktari anayetoa rufaa, si kukisiwa garini.

Dripu ya ketamini miligramu 500 ndani ya mililita 500 inawezekana: mililita 60 kwa saa ni matone 20 kwa dakika kwa seti ya matone 20 kwa mililita. Ila matuta ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, huivuruga kasi hiyo, na pampu yenye betri ndogo haifiki. Sisi tungebaki na sirinji.

Mhamishie kwenye machela ya gari angali wodini, umpe dawa, umwangalie dakika 15 hadi 20. Presha ikishuka hapo kuna mikono mingi. Kwenye foleni ya malori Mlima Nyoka mko wawili. Oksijeni ihesabiwe: lita 10 kwa dakika kwa dakika 150 ni lita 1,500, zidisha mara mbili. Mtungi wenye ujazo wa lita 10 ukisoma baa 150 una lita 1,500 tu, kwa hiyo beba miwili iliyojaa, pamoja na mfuko wa kupumulisha kwa mkono.

Dawa ya kulegeza misuli isitolewe peke yake kamwe. Mgonjwa atalala kimya huku anasikia kila kitu. Jasho na machozi ndivyo vitakavyokuambia kwamba hajalala. Mapigo ya kasi yanapotosha, kwa kuwa ketamini yenyewe huyapandisha.

Asiye na bomba asilazwe usingizi mzito garini. Akihitaji dawa nyingi kiasi hicho, awekewe bomba kabla ya kuondoka. Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji magnesiamu salfeti. Ukiongeza diazepamu juu yake, mbili hizo hukandamiza upumuaji.

Usiku wa baridi Makambako au Njombe, kipimo cha kidoleni husoma ovyo kwa sababu vidole vimepoa. Hamishia sikioni, mfunike blanketi. Kutetemeka kwa baridi nako hufanana na kuhangaika.

Kabla ya dozi ya kwanza andika kiwango cha fahamu na hali ya mboni. Kwenye fomu ya rufaa weka jina la dawa, kiasi na saa ya dozi ya mwisho, ili wanaopokea wajue kama kutojibu kwake kunatokana na dawa au na ubongo.