Mende wa Madagaska: kwa nini hawafanani?

Ndugu yetu wa Nyegezi, umeuliza kwa nini mende wako wa Madagaska, wale wanaofoka kama nyoka, wametofautiana rangi na ukubwa ilhali wanaishi boksi moja, na kama yule mweupe ni mgonjwa.

Yule mweupe usimguse. Ametoka kujivua gamba, na baada ya saa chache ngozi yake itakauka na kurudia rangi ya kahawia. Mende hawa hujivua mara sita kabla ya kukomaa, kwa hiyo wadogo wengi ulionao huenda bado ni watoto. Mkubwa hufikia sentimita 5 hadi 7.5, naye akishakomaa haongezeki tena; ndiyo maana aliyekulia penye msongamano, baridi au chakula haba hubaki mdogo hata ukimlisha vizuri baadaye. Usiku wa Mwanza, hasa Juni na Julai, nyumba inapopoa, ukuaji wao hupungua kasi. Sogeza boksi mbali na dirisha, na uwape karoti pamoja na dagaa kidogo wa kusagwa.

Ama weusi na wekundu kuchanganyika, mara nyingi ni nasaba, kwani wafugaji wengi wamechanganya spishi zinazokaribiana. Rangi haitakuonyesha jinsia. Tazama vinundu viwili nyuma ya kichwa, ambavyo kwa dume huchomoza kama pembe.

Binafsi ningewatenga watoto kwanza.