Kabla Hujalipa Kodi, Kaa Kwanza Dirishani

"Kaka, kamera ninayo, vitabu ninavyo, na kazi yangu naweza kuifanyia popote penye intaneti. Nihamie jiji kubwa au nibaki nilipo? Naogopa nikibaki huku picha zangu zitazeeka kwenye simu."

Ujumbe huo niliupata wiki iliyopita kutoka kwa kijana anayenifuatilia siku nyingi. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, jibu likanenepa, nikaona nilimwage hapa, maana najua si yeye peke yake anayelala na swali hilo. Wewe unayesoma hapa nawe unapenda kitabu, unapenda picha, na kichwani mwako umeshahamia nyumba ambayo mfuko wako bado haujapata habari zake.

Na umenikuta katika wiki ya kutembea kifua mbele. Mfululizo wangu wa picha za watu wanaosoma umechukuliwa na jarida moja, na karibu zote zimepigwa ndani ya chumba ninacholala. Sijifanyi mnyenyekevu katika hili. Chumba chenyewe ndicho kile ambacho wenzangu wa kamera walipokiona mara ya kwanza walicheka mpaka mmoja akajishika ukutani.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa kikundi cha vijana wapiga picha, tukapata nyumba ya kupanga kwa pamoja katikati ya mji: sebule kubwa, varanda, wageni kila jioni. Chumba nilichotengewa kilikuwa kizuri kwa kila hali, ila dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani, na mchana kweupe ilibidi uwashe taa ndipo uione soksi yako ya pili. Nikakataa. Nikaenda kupanga chumba kidogo ghorofani, pembeni kabisa mwa mji, chenye dirisha pana linalotazama mawio. Mwenzetu mmoja, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera, akanipasulia mbele ya watu: "Haya, nenda kajizike. Picha za pazia tutazisubiri." Wakacheka. Tangu siku hiyo wakitoka kwenda kupiga picha siambiwi. Nimeshasamehe, nadhani. Ila jarida lilipotoka, wa kwanza kutumiwa nakala alikuwa yeye.

Siku dalali aliponipeleka kukiona kile chumba nilitoa kitabu mkobani, nikakaa sakafuni chini ya dirisha, nikaanza kusoma. Akadhani namtania. Akachezea funguo, akakohoa, akatoka kupiga simu, akarudi akanikuta palepale. Nilichotaka kujua ni kama macho yangu yatatulia. Ukilazimika kukunja uso ili uone herufi, ujue kamera nayo itahangaika humo: utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha itajaa chembechembe. Chumba unachoweza kusomea mchana bila taa kinafaa kupigia picha. Mimi sijapata kipimo cha nyumba kinachoshinda kitabu, na bahati nzuri kipimo hicho kinabebeka.

Halafu kuna jambo ambalo sikulisikia kwa mwalimu yeyote. Mkalishe mtu kwenye kiti ubavuni mwa dirisha, mpe kitabu, subiri mpaka asahau kwamba upo. Mwanga unaingia kwa upande, unalipiga shavu moja, lile jingine linabaki gizani. Kwa kawaida hapo ungemtafuta mtu akushikie ubao mweupe upande wa pili. Lakini kitabu kikiwa wazi mapajani, kurasa ndizo ubao. Zinaupokea mwanga wa dirisha na kuurudisha juu, chini ya kidevu, mpaka ndani ya vishimo vya macho, hata unaziona kope zikisogea kuufuata mstari. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga safi. Karatasi ya kitabu cha zamani, iliyokwisha kuingia umanjano, humtia msomaji joto usoni ambalo hakuna programu ya kuhariri inayoliiga sawasawa. Akigeuza ukurasa, kwa nukta moja karatasi inasimama kati yake na dirisha, uso unaingia kivulini, kisha unafunguka tena. Tazama na mkono: kidole huanza kuinua pembe ya ukurasa kabla jicho halijamaliza mistari ya mwisho. Hapo ndipo ninapobonyeza. Picha inayofungua ule mfululizo ni ya jirani yangu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, kidole kimeshainua pembe na macho bado yako chini kabisa ya ukurasa. Nilimwomba ruhusa mara mbili, kabla ya kupiga na kabla ya kuituma. Mara ya pili aliniuliza kama kitabu chenyewe kinaonekana jina.

Mtu aliyeshika simu hakupi hayo. Mchana kioo cha simu ni cheusi tu, hakirudishi kitu cha maana, na kichwa kinazama kifuani. Wanaoniuliza kwa nini wasomaji wangu wote wameshika karatasi, jibu ni hilo.

Sasa twende kwenye ushauri wenyewe, ambao kwa kweli ni mmoja: angalia dirisha. Ukimaliza, angalia ukuta unaokabiliana na dirisha, kwa sababu huo ndio unaorudisha mwanga chumbani. Ukuta mweupe ni rafiki. Ukuta wa kijani utakupa watu wenye nyuso za wagonjwa, na hakuna lenzi ya kukuokoa. Muulize mwenye nyumba kama unaruhusiwa kupaka rangi. Pazia liwe jepesi na jeupe, maana jua kali likipita humo linalainika na vivuli vinapoteza makali. Mkalishe mtu wako karibu na dirisha ukitaka vivuli vizito, msogeze nyuma ukitaka uso wenye mwanga sawia. Kuhusu taa sina mengi: balbu ukiwa mbali nayo mara mbili, mwanga unaokufikia ni robo tu ya ule wa mwanzo, kwa hiyo balbu ya darini ni ya kutafutia viatu. Ya kusomea iwe mezani.

Upande linakotazama dirisha nao una maneno. Walio karibu na ikweta jua linawapita utosini, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yenye mchezo, asubuhi na jioni. Walio mbali huko kaskazini mwa dunia, wachoraji wao tangu zamani walipenda dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliingii moja kwa moja na mwanga unatulia kutwa nzima. Ukiishi kusini sana, geuza.

Najua kuna watakaosema hizi ni hadithi za mtu aliyekosa pa kwenda. Basi tusikilize historia. Picha kongwe kuliko zote za kamera zilizobaki hadi leo ilipigwa na Nicéphore Niépce kati ya 1826 na 1827, katika kijiji kimoja cha Ufaransa, kutokea dirisha la ghorofani nyumbani kwake. Mwanga uliachwa uingie kwa saa nyingi mno, mpaka jua likayaangaza majengo ya pande zote mbili za ua. Negativu kongwe iliyopo, yaani ile picha ya kinyume ambayo penye mwanga huwa peusi, ni ya William Henry Fox Talbot, Agosti 1835. Alipiga nini? Dirisha la nyumba yake, Lacock Abbey, Uingereza. Talbot huyohuyo ndiye aliyeanza kutoa kitabu cha picha The Pencil of Nature mwaka 1844, na ndani yake mna picha ya rafu zilizopangwa vitabu, yenye jina linalokufanya udhani uko maktaba. Hapakuwa maktaba. Ndani giza lilikuwa kubwa kwa kemikali za wakati ule, ikabidi rafu na vitabu vitolewe nje vikapigwe picha uani. Nikiisoma habari hiyo najisikia nina ndugu. Nami nimehama kwa sababu ya kutafutia vitabu vyangu mwanga.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni mpiga picha André Kertész, mzaliwa wa Budapest, Hungaria, 1894. Mwaka 1915, akiwa Esztergom, aliwapiga picha wavulana watatu wameinamia kitabu kimoja. Hakuacha tena. Kila alikokwenda alikuwa akiwavizia wasomaji: juu ya mapaa, kwenye mabustani, kwenye viti vya barabarani, na mwaka 1971 akazikusanya picha hizo katika kitabu, On Reading. Alihama Hungaria kwenda Paris 1925, kisha New York 1936, na huko New York hawakumthamini kama alivyozoea. Kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa kupiga picha za majumba ya wengine kwa ajili ya jarida House & Garden. Mtu mwenye jicho lile, anapiga picha masofa! Mwaka 1952 akahamia nyumba ya ghorofani inayotazama uwanja wa Washington Square, na kuanzia hapo dirisha likawa kazi. Theluji, vivuli vya miti, mtu mmoja anavuka. Mkewe alipofariki, 1977, mzee akachukua kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo, na kupiga vitu vidogo vya kioo alivyoviweka kizingitini mwa dirisha lilelile.

Utaniambia, kaka, huyo si alikuwa New York? Alikuwa. Ndiyo maana nimekuletea kwanza Niépce, yule wa kijijini. Na kama bado unabisha, mtazame mpiga picha Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu 1940, nchi yake ikiwa chini ya wanajeshi wa Hitler na kutembea na kamera nje likiwa jambo la hatari, alilipiga picha dirisha la kibanda chake cha kazi: umande kwenye kioo, barafu, mti uliopinda bustanini. Aliendelea mpaka 1954, vita vikiwa vimekwisha zamani. Mkono mmoja, dirisha moja. Wewe una mikono miwili na unaniambia mtaa wako hauna mandhari.

Hapo nitakuwa mkali kidogo. Vijana wenzangu, tunapanga nyumba kwa ajili ya macho ya wageni. Tunataka anwani ya kutamkwa. Tunaingia mahali tusipopaweza, tunafanya kazi za ziada kulipia mahali hapo, tunarudi usiku, na dirisha tulilolilipia hatulioni likiwa na jua ila siku ya mapumziko, ambayo nayo tunalala. Kamera inakaa kwenye begi. Kitabu kinakaa kwenye ukurasa uleule. Halafu tunasema mji umetubana! Ukiwa na saa mbili za mwanga nyumbani kwako, kila siku, bila deni la kukusukuma mgongoni, umewapita wengi wanaopiga picha za mwonekano wa jiji usiku.

Njia ya kwenda kazini nayo ihesabu kama sehemu ya nyumba. Wengi huuliza ni dakika ngapi. Mimi nauliza nitakaa au nitasimama. Safari ndefu ya kukaa ni maktaba, humo ndimo nilimomaliza riwaya zangu nene zote. Safari ya kusimama umeng'ang'ania chuma itakupa labda mashairi, ukiwa na kitabu kinachoenea kiganjani. Na ukienda kwa miguu hutasoma kitu, lakini utapita barabara ileile katika mwanga uleule mpaka uanze kuona kilichobadilika, na hapo picha zinajileta. Yule kijana wangu anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo vyote viwili anavikosa. Ajitengenezee safari. Atoke kila siku saa ileile, hata kama haendi popote.

Kuna adui mmoja wa vitabu na kamera kwa pamoja, nalo ni unyevu. Fungua kabati la chumba unachotaka kupanga, ingiza kichwa, vuta pumzi. Kikinuka ukungu, funga uende zako. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, vitabu huota madoa, na ndani ya lenzi huota kuvu, vinyuzinyuzi hafifu utakavyoviona ukimulika tochi kutokea nyuma. Vikikaa muda mrefu vinaila tabaka la juu ya kioo, na hata vikisafishwa alama hubaki. Mimi lenzi zangu ziko kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ambavyo watu huvitupa wakinunua viatu. Rafu ya vitabu iweke kwenye ukuta uleule wenye dirisha, pembeni, mahali jua lisipofika moja kwa moja, la sivyo migongo itapauka. Iache nafasi ya vidole viwili nyuma ili ukuta upumue.

Sasa, mdogo wangu, nihame au nisihame sikujibu, kwa sababu hukuniambia dirisha lako la sasa linatazama wapi. Nijibu hilo kwanza. Na ukienda kuona chumba kipya, hapo au jijini, kione mara mbili, asubuhi na alasiri. Simama mahali pamoja, piga picha ileile, mipangilio ya kamera usiiguse, kisha zilinganishe. Dalali atakwambia haiwezekani, kuna mteja mwingine anakuja jioni kulipia. Madalali wote wana huyo mteja wa jioni. Mwambie vizuri sana, na wewe utakuwepo, mtasalimiana.