Mgongo kuuma baada ya kupalilia

Pole sana dada, umesema ukipalilia masaa mawili mgongo unakataa kunyooka, hapo shida kubwa ni kuinama muda mrefu bila kubadilisha mkao. Mimi siku hizi napiga goti moja juu ya gunia lililokunjwa, mguu mwingine nakanyaga chini, na kila dakika 20 hivi nainuka, naweka mikono kiunoni najinyoosha taratibu kwa nyuma halafu nabadilisha kazi kabisa, kama nilikuwa nang'oa majani basi naenda kumwagilia. Ndoo moja iliyojaa usibebe, bora mbili nusu nusu, kila mkono na yake, na ukiinua kitu kunja magoti, kishike karibu na mwili, usijipinde kiuno ukiwa umekibeba, geuka kwa miguu. Alafu jembe la mpini mfupi ndo linamaliza watu jamani, tafuta mrefu. Glavu nazo vaa, udongo una vijidudu vya pepopunda na kidonda kidogo tu kinatosha, hakikisha chanjo yako haijapitwa na muda. Ila maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi usisubiri, kamwone daktari.