Baba wa Kikorea anachekea nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kwenye tamthilia za Korea naona baba akitania mezani, watoto wanaguna, yeye anacheka peke yake. Utani gani huo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huo unaitwa ajae gaegeu, utani wa wanaume wa makamo. Kuna wanaouita pia utani wa mkuu wa idara, maana ofisini bosi akitania, nani atathubutu kununa? Mara nyingi huja kama kitendawili. Tunda gani lina joto kuliko yote duniani? Cheondo boksunga! Hilo ni pichi lenye ganda laini lisilo na vinyweleo, lakini “cheondo” husikika pia kama “digrii 1,000”. Haya, stroberi ikifukuzwa kazi inakuwa nini? Ttalgi sireop, yaani sharubati nzito ya stroberi, kwa kuwa neno la ukosefu wa kazi hutamkwa vilevile, sireop. Kikorea kina maneno mengi ya asili ya Kichina yanayofanana kwa sauti, basi akina baba hawaishiwi. Mimi naupenda mno, kwani haumdhalilishi mtu. Ukiusikia tena, tega sikio kwenye jibu, si kwenye swali.