Maswali yenu: Droni ya skrubu

SWALI: Mambo vipi, juzi mdogo wangu kanionyesha video ya droni haina mapanga, ina skrubu nne za plastiki zinazunguka, anasema eti ndo helikopta ya Leonardo da Vinci. Mi huyo mzee namjua kwa Mona Lisa tu. Inaruka kweli au wamechezea kompyuta? Maana dogo anataka tuunde kubwa ya kukaa mtu. – Msomaji, Tanga

JIBU: Inaruka kweli kaka. Wameiunda wahandisi wa Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani, video zikasambaa 2022. Ila kuiita ya Leonardo dogo kaongeza chumvi kidogo. Mchoro wake wa mwishoni mwa miaka ya 1480 una skrubu moja kubwa ya kitani juu ya jukwaa, na inavyoeleweka na wengi watu walitakiwa kusukuma nguzo ili izunguke, sasa hebu fikiria umesimama kwenye jukwaa unasukuma, likiachia ardhi tu na lenyewe linaanza kuzunguka kinyume, mnabaki mnazunguka wote kama pia. Ndo maana hawa wa sasa wameweka nne, mbili zinazunguka huku na mbili kule. Halafu wana mota na betri, Leonardo alikuwa na misuli basi.

Na misuli haitoshi jamani. Mwaka 2010 Wakanada wa Toronto waliunda Snowbird, ndege ya kupiga mabawa kwa nguvu ya miguu, mabawa upana mita 32 na uzito kama kilo 43 tu kwa sababu ya kaboni faiba, yaani nyuzi nyepesi lakini ngumu. Ilivutwa kwanza na gari, ikaachiwa, ikajitegemea sekunde 19.3. Na rubani alikuwa mwanamichezo wa mazoezi hasa! Leonardo angetumia mbao na ngozi, mwambie dogo apige hesabu.

Kilichofanya kazi bila mota ni parachuti ya Leonardo yenye umbo la piramidi. Mwaka 2000 Mwingereza Adrian Nicholas aliruka nayo Afrika Kusini kutoka kama mita 3,000, ya mbao na turubai, kilo 85 hivi, wataalamu walishasema haitafanya kazi, ikashuka taratibu tu. Ila zilipobaki kama mita 600 kufika chini aliikata akafungua ya kisasa, nani anataka kutua halafu kilo 85 za mbao zimfuate kichwani? Mwaka 2008 Mswisi Olivier Vietti-Teppa akatoa mbao, akatumia kitambaa cha kisasa, akatua nayo mpaka chini mzima.