Hesabu Viini Kabla Hujaandika Jina

Juzi msomaji mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliniandikia: "Dada, nimewapata paramesiamu kwenye maji ya nyasi. Mkia umechongoka. Niandike Paramecium caudatum?" Moyo ulinipasuka, maana mimi swali hilo sikumuuliza mtu.

Paramesiamu ni viumbe wa seli moja, wadogo mno. Wangu niliwachota Kisauni baada ya masika, kwenye dimbwi la nyuma ya minazi. Nikawaweka kwenye chupa ya jemu na nyasi kavu, na baada ya wiki maji yakawa yanatambaa. Chini ya hadubini walikuwa na urefu wa mikromita 250 hivi, wembamba, mkia kama ncha ya penseli. Picha ya kitabu ilifanana nao kabisa. Nikachora, nikaandika caudatum kwa wino.

Siku ya kuwasilisha, chuo kimoja hapa mjini, mgeni wa jopo aliniuliza: "Binti, viini vidogo umehesabu vingapi?" Paramesiamu ana kiini kikubwa cha seli, na kando yake kidogo kimoja au zaidi. Sikuwa nimehesabu hata kimoja. Akafunga kitabu changu cha michoro, akasema, "Keti." Wenzangu wakacheka. Jioni ile nilivuka Likoni nimeegemea chuma cha feri, kitabu nimekikumbatia kifuani. Miaka sita imepita, na bado naona angenionyesha badala ya kunikalisha.

Miezi iliyofuata siisimulii. Niseme tu kwamba fundi wa maabara, Mungu amzidishie, alinipa tone la rangi ya methaili ya kijani iliyotiwa asidi asetiki kidogo. Unaliweka ukingoni mwa kioo cha kufunikia, upande wa pili unagusisha karatasi ya shashi, rangi inavutwa ndani. Mnyama anasimama. Kiini kikubwa kinajitokeza kama punje ya kunde, na ubavuni mwake ndipo penye jibu. Caudatum ana kiini kidogo kimoja, kimeshikamana, kimelala kwenye kibonyeo cha kile kikubwa. Kundi la aurelia, paramesiamu wengine, wana viwili, vidogo sana, kila kimoja kama povu lenye nukta katikati. Wangu walikuwa na mapovu hayo manne. Kumbe ni Paramecium multimicronucleatum, ndugu anayelingana na caudatum kwa urefu na kwa mkia.

Kwa hiyo mdogo wangu, umbo lisikudanganye. Mnyama mwenye njaa hukonda, na aliyebanwa na kioo hutanuka akaonekana mnene. Hesabu viini. Usihesabu kwa mnyama mmoja, maana anayejigawa viini vyake vimeongezeka, na aliyetoka kuungana na mwenzake kiini chake kikubwa kimevunjikavunjika. Mimi sasa sitaji jina kabla ya kuona thelathini. Tazama na vakuoli, vile vifuko vinavyokamua maji nje ya seli: caudatum kwa kawaida ana mbili, multimicronucleatum mara nyingi huzidisha. Lakini rudi kwenye viini. Narudia kwa sababu najua utavipuuza, kama nilivyopuuza mimi, na mtu anayetaka jina kabla ya kazi anajitafutia kukalishwa mbele za watu.

Na ukifika kwa aurelia, jizuie. Mwaka 1975 mwanabiolojia Sonneborn aliwapa majina ya spishi 14 waliokuwa wakiitwa aurelia mmoja, na kwa hadubini ya darasani huwezi kuwatenganisha. Yeye aliwajua kwa nani anakubali kuungana na nani, na kwa vimeng'enya vyao. Anayekuambia amewatambua kwa jicho, usimwamini, hata akiwa na cheo.

Jana usiku yule mwanafunzi alinitumia picha mpya, rangi imekolea vizuri. Wanyama wake wana urefu wa mikromita 140 hivi, na ule mkia uliochongoka, ukitazama vizuri, ni butu. Kando ya kiini kikubwa kuna mapovu mawili, kila moja na nukta yake. Nimemwambia aandike "kundi la Paramecium aurelia", kwa penseli, na aendelee mpaka wafike thelathini.